Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyekataa kuhitimu

Jina la Tirumalai Krishnamacharya si jina linalotajwa sana hapa Eldoret, ijapokuwa kazi ya mikono yake imetufikia bila ya sisi kujua. Mahali pengi duniani ambapo watu hutandika mkeka wakanyoosha viungo na kuvuta pumzi kwa utaratibu uitwao yoga, ukiufuata mnyororo wa walimu wao, kutoka mwalimu hadi mwalimu wa mwalimu, utafika mlangoni kwa mzee huyu wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1989. Yeye alikaa kwao Bara Hindi. Wanafunzi wake ndio waliosafiri.

Nimeamua kumwandika kwa sababu ya swali ninalolisikia mara kwa mara tangu nilipotoka Mwambao nikaja kukaa katika mji huu wa wakimbiaji, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari niliyoizoea. Vijana huuliza: mtu ashike mazoezi mpaka lini? Mwenye medali anayo sababu ya kurauka kabla ya jua. Je, asiyeipata? Na yule ambaye medali zake zimekuwa za zamani, magoti yamechoka na jina limesahauliwa, arauke kwa ajili ya nini? Maisha ya Krishnamacharya ni jawabu refu la swali hilo, nami nitalieleza kwa kadiri ya nafasi niliyopewa.

Kwanza neno lenyewe. Yoga ni neno la Kisanskriti, na asili yake ni kufunga nira, yaani kuunganisha vitu viwili vifanye kazi moja. Kinachofungwa ni mwili, pumzi na nia. Elimu hii ni ya kale, na miongoni mwa vitabu vyake mashuhuri ni kile kinachonasibishwa na Patanjali. Kwa sisi tuliosomea chuoni, tukaandika aya kwenye ubao kabla ya kujua kalamu ya shule, inafaa kukumbuka kwamba mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, al-Biruni, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiarabu katika karne ya 11. Hakuiacha dini yake kwa kufanya hivyo. Alitaka kujua wenzake wanajua nini, na kujua si dhambi.

Malezi

Krishnamacharya alizaliwa tarehe 18 Novemba 1888 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chitradurga, kusini mwa Bara Hindi, katika ukoo wa Kibrahmani wenye kushika dini barabara. Baba yake ndiye aliyekuwa maalimu wake wa kwanza. Alimwanzishia Kisanskriti akiwa na umri wa miaka mitano hivi, akamfundisha maandiko kwa kuyasema na kuyarudia mpaka yakakaa moyoni, na akamwonyesha mikao ya yoga. Yeyote aliyehifadhi juzuu ya Amma akiwa mtoto atayatambua malezi hayo: mdomo hutangulia, maana hufuata baada ya miaka.

Baba alifariki mtoto hajabaleghe, na jamaa wakahamia mji wa Mysore. Tangu hapo kijana akawa mtu wa kutafuta elimu. Alisoma Mysore, akasoma Benares, akapata shahada katika falsafa na mantiki ya Kihindi, akajifunza na tiba ya jadi ya nchi yake. Mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda hadi milimani, karibu na mlima Kailash, akakaa takriban miaka saba na mwalimu aitwaye Ramamohan Brahmachari. Ilipofika wakati wa kulipa ada, mwalimu hakutaka mali. Alimtaka arudi nyumbani, aoe, azae, na awafundishe watu yoga.

Sharti hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Kwa elimu aliyokuwa nayo, Krishnamacharya angaliweza kuwa mkuu wa chuo chochote, akala na kuvaa vizuri. Kufundisha yoga, wakati ule, hakukuwa na heshima wala mshahara. Wengi katika watu waliosoma waliiona kazi hiyo kuwa ni ya fukara wa barabarani. Lakini ahadi ni deni, naye aliilipa kwa maisha yake yote.

Nyapara wa kahawa

Alioa mwaka 1925, na mke wake alikuwa binti mdogo aitwaye Namagiriamma. Inasimuliwa kwamba dhiki ya siku zile ilikuwa kubwa hata akachana kipande cha nguo ya mkewe ili apate vazi la kufanyia mazoezi. Ikambidi atafute riziki, akaajiriwa katika mashamba ya kahawa wilaya ya Hassan, akawa nyapara. Wasomaji wetu ambao jamaa zao wamefanya kazi katika mashamba ya kahawa hawana haja ya kuelezwa maana ya kazi hiyo. Hebu mfikirie mtu mwenye shahada, amevaa kaptura na kofia, anasimamia wachumaji toka asubuhi, kisha siku za mapumziko anazunguka mijini kuhutubia watu juu ya yoga.

Ili watu wamsikilize alilazimika kuwashangaza. Inasemekana alizuia motokaa kwa mikono na kuinua vitu vizito kwa meno. Watu walikuja kutazama miujiza, naye akitumaini kwamba wachache watabaki kwa ajili ya elimu. Mmoja aliyebaki alikuwa mtoto wa miaka 12, Pattabhi Jois, aliyemwona Hassan mwaka 1927, na ambaye baadaye naye alikuwa mwalimu wa kutajika duniani.

Mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maharaja wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne, alimwita kufundisha, na mwaka 1933 akampa ukumbi katika kasri la Jaganmohan uwe shule ya yoga. Wanafunzi walikuwa vijana wenye nguvu, na mazoezi yakawa ya nguvu: kuruka, kujipinda, kusimama kichwani, kutoka mkao huu kuingia mwingine bila kupumzika. Watafiti wa siku za karibuni wanasema kwamba baadhi ya mambo hayo yalichanganyika na michezo ya viungo iliyokuwako kasrini. Mwaka 1934 alitoa kitabu chake, Yoga Makaranda, kwa lugha ya Kikannada.

Ukali wa mwalimu

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wasifu mwingi hulipitia mbio. Krishnamacharya wa Mysore alikuwa mkali mno. Mwaka 1934 alikuja kukaa kwake shemeji yake, ndugu wa mkewe, kijana wa miaka 15 aitwaye Iyengar, aliyekuwa dhaifu baada ya kuugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Iyengar alieleza baadaye jinsi alivyofanyishwa kazi za nyumba na kuishi kwa hofu, na jinsi alivyoamriwa mbele ya watu afanye mkao wa kupasua miguu ambao hajapata kuufanya. Aliufanya, msuli wa paja ukachanika, na maumivu yakamkalia kwa muda mrefu.

Sisi tuliopita chini ya bakora ya maalimu twaujua ukali wa namna hiyo, na wengi wetu tumezoea kuutetea kwa kusema ndio uliotufanya watu. Mimi siutetei. Iyengar alikuja kuwa mwalimu mkubwa, kitabu chake cha mwaka 1966 kikasambaa ulimwengu mzima. Lakini msuli uliochanika haukuchangia lolote katika hayo. Kilichomfikisha ni mazoezi ya kila siku aliyoyashika hadi alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 95.

Tena mwalimu huyo alikuwa na milango aliyoifunga. Mwaka 1937 alikuja mwanamke wa Kizungu, mzaliwa wa Riga, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Indra Devi, akaomba kufundishwa. Alikataliwa, kwanza kwa kuwa mgeni, pili kwa kuwa mwanamke, hata Maharaja alipoingia kati. Krishnamacharya akampa masharti magumu ya chakula na ratiba, akitaraji atashindwa. Hakushindwa. Mwisho wake mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwamuru akafundishe wengine, naye akafungua shule Shanghai mwaka 1939 na baadaye Hollywood. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba jiwe lile lilikuwa linalainika.

Kasri lafungwa

Maharaja mfadhili alifariki mwaka 1940. Uhuru wa India ulipopatikana mwaka 1947 madaraka ya wafalme yalikwisha, na mwaka 1950 shule ya kasrini ikafungwa. Krishnamacharya alikuwa na miaka zaidi ya 60, ana watoto wa kulisha, hana ukumbi, hana mshahara, na sifa zake zimehama na wanafunzi wake. Wengi katika hali hiyo hukaa barazani wakasimulia walivyokuwa.

Yeye alihamia Madras, mji ambao tangu mwaka 1996 huitwa Chennai, akaanza upya. Aliitwa huko kumsaidia mwanasheria mashuhuri aliyepooza. Sasa mbele yake hapakuwa na vijana wa kuruka, ila mtu mzima asiyeweza kuinua mkono. Ule ustadi wa kasrini haukufaa kitu. Ilibidi aulize: huyu anaweza nini leo? Pumzi yake inafika wapi? Akaanza kufundisha mtu mmoja mmoja, akiyapunguza mazoezi yamwenee mwenyewe kama fundi cherehani apimavyo kanzu. Mgonjwa alipewa ya mgonjwa, mzee ya mzee, mja mzito ya mja mzito. Katika mambo ya ibada, ingawa yeye alishika dini yake hata mwisho, inasimuliwa kwamba aliwaacha wanafunzi wamwelekee Mungu wanayemwamini wao.

Mwanawe, Desikachar, alikuwa mhandisi aliyeiona yoga kuwa mambo ya wazee. Siku moja, mwaka 1961, alimwona mwanamke wa kutoka New Zealand akimkimbilia baba yake na kumkumbatia hadharani. Kwa Mbrahmani wa aina ile lilikuwa jambo la kutahayarisha. Alipouliza, aliambiwa kwamba mama yule hakuwa amelala bila dawa kwa muda mrefu, na usiku uliopita, kwa mafunzo ya mzee, alikuwa amelala. Mhandisi akaomba kufundishwa. Baba akamjaribu kwa kumtaka aje usiku wa manane, naye akaja. Mwaka 1976 Desikachar alianzisha taasisi mjini Madras yenye jina la baba yake.

Alipokuwa na miaka 96 mzee alivunjika nyonga. Alikataa kupasuliwa, akajitungia mazoezi ya kufanya akiwa kitandani. Hebu tufikiri. Mtu aliyekuwa akisimama kichwani mbele ya wafalme sasa mazoezi yake ni pumzi na kuinua mkono akiwa amelala chali. Na kwake yeye hiyo ilikuwa yoga ile ile, haikupungua hata chembe. Aliendelea kujiita mwanafunzi, kwa kuwa aliona kwamba mwanafunzi ndiye anayeendelea kuuliza. Alifariki tarehe 28 Februari 1989, akiwa na miaka 100.

Funzo kwa wakimbiaji na wasiokimbia

Hapa kwetu tunaye mfano ulio hai. Eliud Kipchoge, anayefanya mazoezi Kaptagat, nje kidogo ya mji huu, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka 2012 alishindwa kuingia katika timu ya Kenya ya michezo ya Olimpiki ya London. Kasri lake lilifungwa. Mwaka uliofuata akaingia mbio za marathoni, akashinda Hamburg, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Hakulazimisha mlango uliofungwa. Alibadili mbio, asibadili kurauka.

Basi wale wanaouliza mazoezi yashikwe mpaka lini, naona swali limekaa upande. Wengi huacha kwa sababu wamejiwekea kipimo kimoja, kipimo cha siku walipokuwa na nguvu kuliko zote, na siku wasipokifikia huona aibu wakakaa kabisa. Krishnamacharya alikuwa na vipimo vingi: cha ujana, cha dhiki, cha uzee, cha kitanda. Kisichobadilika kilikuwa kimoja tu, nacho ni kwamba kila siku alifanya.

Nalo pato lake lisitafutwe katika viungo. Viungo vya mzee wa miaka 96 havina cha kujivunia. Pato liko katika tofauti baina ya yule mwalimu wa Mysore aliyeamuru msuli wa kijana uchanike, na yule mzee wa Madras aliyemuuliza mgonjwa pumzi yake inafika wapi. Baina ya hao wawili ipo miaka mingi ya mazoezi, na ni mtu yule yule mmoja. Mazoezi yasiyomfanya mtu kuwa mpole kwa mwenzake ni jasho tu. Na yule ambaye leo goti limemkataza kukimbia, asiseme amekwisha. Atandike mkeka, avute pumzi, aanze na kile kiungo kinachokubali.