Galileo Galilei: Aliyeigundua miezi ya Mshtarii, akafa kifungoni

KATIKA nyanda za juu za Mau Narok, Kaunti ya Nakuru, ambako mashamba ya viazi, ngano na shayiri yameenea zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, usiku usio na mawingu huwa na nyota tele. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, miongoni mwake hung'aa nuru moja nyeupe isiyopepesa. Hiyo si nyota, bali ni sayari ya Mshtarii. Anayeitazama kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, mikono ikiwa imetulizwa juu ya nguzo ya ua, huweza kuona hadi vitone vinne vya nuru kandokando yake.

Aliyeutangazia ulimwengu habari za vitone hivyo ni Mwitaliano Galileo Galilei.

Galileo alizaliwa mjini Pisa mnamo Februari 15, 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki aliyetamani mwanawe awe daktari. Kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1581, lakini akavutiwa na hisabati na kuondoka mwaka 1585 bila shahada. Hata hivyo, mwaka 1589 alirejea chuoni humo akiwa mhadhiri wa hisabati, na kuanzia 1592 alifundisha Padua kwa miaka 18.

Maisha hayakuwa mepesi. Baba yake alifariki mwaka 1591, naye akiwa kifungua mimba akaachiwa mzigo wa jamaa, ikiwemo mahari ya dada zake, ambayo kwa desturi ya huko enzi hizo ililipwa na upande wa bibi harusi. Ili kujikimu, alipangisha wanafunzi nyumbani kwake na kuuza vifaa vya kupimia.

Mwaka 1609 alipata habari kwamba mafundi wa Uholanzi walikuwa wameunda bomba lenye vioo vya kuvuta vitu vya mbali. Alianza kusaga vioo vyake mwenyewe, hatimaye akapata darubini iliyokuza vitu takriban mara 20.

Usiku wa Januari 7, 1610, aliielekeza kwa Mshtarii na kuona nyota tatu ndogo zilizopangana katika mstari, mbili mashariki na moja magharibi. Usiku uliofuata zote zilikuwa magharibi. Januari 9 mawingu yalitanda. Januari 10 aliona mbili tu, na Januari 13 zikawa nne. Kwa kuchora nafasi zake usiku baada ya usiku, alitambua kwamba hazikuwa nyota, bali miezi inayoizunguka sayari hiyo. Machi mwaka huo alichapisha kitabu kuhusu uvumbuzi huo.

Wasomi wengi wa enzi hiyo walishikilia kwamba kila kitu angani huizunguka Dunia. Tena walihoji jinsi Dunia, endapo ingekuwa yalizunguka Jua, ingeweza kwenda na Mwezi wake bila kuuacha nyuma. Sasa Mshtarii ilionekana ikienda na miezi minne.

Galileo aliipa miezi hiyo jina la ukoo wa Medici, watawala wa Florence, na mwaka huo huo wakamwajiri. Fadhila hiyo haikumkinga. Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilimwonya asitetee fundisho kwamba Dunia huzunguka Jua. Alipochapisha kitabu cha majadiliano kuhusu suala hilo mwaka 1632, aliitwa Roma kushtakiwa. Mnamo Juni 22, 1633, akiwa na umri wa miaka 69 na baada ya kutishiwa mateso, alipiga magoti na kuyakana aliyoyaandika.

Alizuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Mwaka 1634 alifiwa na binti yake mtawa, aliyekuwa nguzo yake. Kufikia 1638 alikuwa kipofu kabisa, lakini mwaka huo kitabu chake kuhusu mwendo wa vitu kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mbali na mkono wa waliomhukumu. Alifariki Januari 8, 1642. Ilipita miaka 350 kabla ya Papa Yohane Paulo II kukiri, mwaka 1992, kwamba waliomhukumu walikosea.

Leo yajulikana kwamba Mshtarii ni sayari ya gesi, yenye upana wa mara 11 ya Dunia na miezi zaidi ya 90. Ile minne ya Galileo ndiyo mikubwa zaidi: Io ina volkano zinazolipuka, Ganymede ni kubwa kuliko sayari ya Utaridi, Callisto imejaa makovu ya vimondo, na Europa yaaminika kuwa na bahari chini ya barafu.

Chombo cha Marekani kilichopewa jina la Galileo kiliizunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003. Kingine, Europa Clipper, kilirushwa Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika huko mwaka 2030, kuchunguza iwapo bahari ya Europa yaweza kuhimili uhai. Kimetumwa kwenye mojawapo ya vitone ambavyo Galileo alivichora kwa mkono wake zaidi ya karne nne zilizopita.