Alfred Russel Wallace: aliyetegua kitendawili cha viwavi wa rangi kali

Msikilizaji, huenda umewahi kumwona kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano amekaa juu ya jani mchana kweupe. Kwa nini hajifichi kama wenzake wa kijani? Aliyetegua kitendawili hicho ni Alfred Russel Wallace, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1823 huko Usk, Wales.

Kwao mambo yalikuwa magumu, akaacha shule akiwa na miaka 14 hivi. Mwaka 1848 alikwenda Amazon na rafiki yake Henry Walter Bates kukusanya wadudu na ndege wa kuuza Ulaya. Aliporudi mwaka 1852 meli iliwaka moto baharini, karibu kila alichobeba kikateketea. Hakukata tamaa. Mwaka 1854 alisafiri tena, akakaa miaka 8 katika visiwa vya Indonesia na Malaysia ya leo.

Mwaka 1867 Charles Darwin alikwama. Aliamini rangi nzuri za wanyama wengi ni za kuvutia wenza, lakini kiwavi bado ni mtoto, hana mwenza wa kumtafuta. Bates akamwambia amuulize Wallace.

Wallace alieleza hivi: ngozi ya kiwavi ni laini, akidonolewa mara moja hufa hata ndege akimtema. Kwa hiyo ladha mbaya peke yake haimwokoi. Ni lazima ndege amtambue kabla hajamdonoa. Rangi kali ni onyo. Kweli kibaya chajitembeza, na kwa kiwavi huyu ndiyo salama yake. Mwaka 1869 John Jenner Weir, mfugaji wa ndege, alithibitisha: ndege wake walikula viwavi wa kijani wasio na manyoya, wakawakataa wa rangi kali.

Baadaye wataalamu waligundua kuwa mara nyingi sumu hiyo hutoka kwenye majani. Kipepeo Danaus chrysippus, anayepatikana hata Afrika Mashariki, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Baadhi ya mimea hiyo ina sumu ya moyo. Kiwavi huila bila kudhurika, na anaweza kuihifadhi mwilini mpaka awe kipepeo.

Wallace hakupata kazi ya kudumu. Aliishi kwa kuandika, hadi mwaka 1881 alipopewa pensheni ya serikali kwa juhudi za Darwin. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na miaka 90.

Ukimkuta kiwavi wa namna hiyo, waite watoto wamtazame, ila wasimshike.