Freddie Mercury: mtoto wa Unguja na albamu ya upweke

Sisi tuliosomea ukimbizini tunamwelewa haraka mtu mwenye majina mawili. Freddie Mercury alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia ilihamia Uingereza.

Huko alisomea usanifu wa michoro, akabadili jina, na mwaka 1970 wakaanzisha bendi ya Queen. Jukwaani aliigiza kama aliyeimba, kwa mavazi ya kung'aa na madaha ya kifalme.

Albamu yake binafsi ya kwanza, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985. Aliirekodi Munich, Ujerumani, akatunga nyimbo zote 11 mwenyewe. Roki ilipungua, disko ikazidi, na wimbo uliobeba jina la albamu ukapambwa na okestra nzima. Uingereza ilifika nafasi ya 6, Marekani haikuvuma. Akaitunuku, eti, kwa paka wake Jerry!

Kwangu wimbo mkubwa humo ni Living on My Own, kilio cha mpweke kilichovishwa mdundo wa kuchezwa. Ulishika namba moja Uingereza mwaka 1993, ukiwa umetengenezwa upya, naye hayupo. UKIMWI ulimwondoa Novemba 24, 1991, akiwa na miaka 45. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake.