Mzee Kitereza na Madaftari Yangu

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Nimemchagua Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, na sababu mnaijua. Kila tunapokutana hapa Shinyanga mnaniuliza riwaya yangu imefika wapi, kisha mnacheka. Mwaka huu mzee huyu atanijibia.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi wa Ukerewe. Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Hakuwa padre. Alirudi kisiwani akamwoa Bibi Anna Katura, lakini watoto wao hawakuishi. Nadhani hapo ndipo ilipotoka hadithi yake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wapendanao, wanaosemwa na ndugu kwa kukosa mtoto, mpaka wanapompata Ntulanalwo na baadaye Bulihwali.

Aliandika kwa Kikerewe, ili desturi za wazee na lugha yenyewe visipotee. Hakuacha jambo: namna ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe ya ndizi, kumpokea mgeni, kumtafuta mganga. Kazi ya namna hiyo haiendi mbio. Aliimaliza mwaka 1945.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kumaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa historia, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, Wamarekani, walifika Ukerewe wakamtia moyo. Mzee, sasa amepita miaka 70, akaketi akaitafsiri riwaya yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mzee akafariki mwaka 1981, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia. Baadaye ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 ikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Sasa habari zangu. Nilianza mwaka 2009 nikifundisha Geita, katika chumba cha kupanga karibu na karasha. Naandika juu ya mchimbaji mdogo anayeshuka duarani na mkewe anayeponda mawe juu. Kila Jumamosi ukurasa mmoja, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mwaka 2019, kwa kuona haya mbele yenu, niliamua kumaliza kabla ya mkutano. Nikawafukia wahusika watatu katika duara moja ili kitabu kiishe tu. Mke wangu alisoma, akaniuliza hao watu walikuwa wamenikosea nini. Nikachana kurasa 60, nikarudi kwenye ukurasa wangu wa Jumamosi.

Kwa hiyo mwendo wangu haunisumbui tena. Kinachonisumbua ni kingine. Mswada wa Kitereza ulifika kwa wasomaji kwa sababu watu waliujua na kuuhangaikia. Wangu uko katika madaftari 6 ndani ya sanduku la bati, na mvua ya masika iliyopita ilivuja hadi kwenye jalada la daftari la pili. Nami umri umekwenda.

Nitakuja mkutanoni na madaftari yote. Naomba wawili kati yenu mchukue nakala, moja ikae Shinyanga na moja Geita. Msinimalizie hadithi, nitunzieni tu. Nami Jumamosi itakayofuata nitaandika ukurasa mwingine.

Tukutane salama.