Funakoshi: mwalimu aliyepanda paa wakati wa kimbunga

Kama unapiga karate, ule mkao wa chini unaochoma mapaja unaujua vizuri. Kiba-dachi, kama umempanda farasi. Gichin Funakoshi aliujua kuliko wengi.

Alizaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868, mtoto dhaifu wa afya. Akawa mwalimu wa shule, usiku anajifunza karate kwa Azato na Itosu. Kata tatu tu za Tekki, ambazo unazipiga ukiwa kwenye mkao huo, zilimchukua kama miaka 10. Kuna siku kimbunga kilipiga, jamaa akapanda paani, akainua mkeka mzito wa tatami, akakaa kiba-dachi kuukabili upepo. Ukamtupa chini. Akapanda tena, matope mwili mzima!

Mwaka 1922 alienda Tokyo kuonyesha karate, akabaki hukohuko.

Sasa cha kushangaza: kwenye picha zake za zamani hashuki sana. Aliyeshusha mikao ya Shotokan mpaka hii ya leo ni hasa mwanawe, Yoshitaka. Kijana huyo alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1945, mwaka uleule mabomu yalipoiteketeza dojo yao. Mzee aliendelea kufundisha, akafariki 1957 akiwa na miaka 88.

Kwa hiyo wewe unayejifua uwanjani pale Nakapanya, usikimbilie kushuka. Nyayo sambamba, magoti yasukume nje yafuate vidole, mgongo wima, makalio yasibinuke. Goti likianza kuingia ndani, inuka kidogo.