KARDINALI MANNING NA VIBARUA WA BANDARI

Baba atokaye nyumbani alfajiri kutafuta kibarua, asijue kama jioni atarudi na unga, si mgeni kwa wasomaji wetu. Kwa hiyo leo twapenda kuwakumbusha habari za mkuu mmoja wa Kanisa aliyeona kwamba shida ya baba kama huyo ni shauri la Kanisa pia.

Henry Edward Manning alizaliwa Uingereza mwaka 1808, mwana wa tajiri. Baba yake alifanya biashara ya visiwa vya West Indies, na kwa muda alikuwa Gavana wa Benki ya Uingereza. Lakini mwaka 1831 alifilisika, na kijana Manning akaonja mapema jinsi mali ya dunia inavyotoweka. Akawa mchungaji wa Kianglikana, akaoa, na mkewe akafariki mwaka 1837. Mwaka 1851 aliingia Kanisa Katoliki, akapewa upadre mwaka huo huo. Mwaka 1865 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Westminster, na mwaka 1875 Baba Mtakatifu akamfanya Kardinali. Wengi walitazamia ajenge kanisa kuu la fahari. Yeye alitanguliza shule za watoto maskini.

Siku zile vibarua wa bandari ya London walikusanyika malangoni kila asubuhi, wakisukumana ili msimamizi awachague. Aliyebahatika pengine alipewa kazi ya saa mbili tu, kwa peni tano kila saa, kisha akaachwa aende zake. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, yaani kondoo wa Kardinali mwenyewe.

Tarehe 14 Agosti 1889 vibarua hao walianza kugoma. Hawakudai makubwa: peni sita kwa saa, peni nane kwa saa za ziada, na mtu asiajiriwe kwa muda unaopungua saa nne. Watu wa kazi nyingine za bandari wakawaunga mkono, hata wagomaji wakapita laki moja. Kila siku waliandamana mjini kwa utaratibu, bila kuvunja wala kupora, wakiinua juu ya miti vichwa vya samaki ili matajiri waone chakula cha nyumba zao. Lakini njaa haina subira. Akina mama walishindwa kulipa kodi za vyumba, na kamati ya mgomo iligawa vyeti vya chakula. Sadaka za Waingereza hazikutosha. Ndipo wananchi wa Australia walipotuma zaidi ya pauni 30,000, na mgomo ukasimama.

Kardinali alikuwa na umri wa miaka 81, mwili umekonda kwa kufunga na kazi. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki nyumbani akisali. Yeye alikwenda kwa wakuu wa bandari, akawasihi. Pamoja na Meya wa London na watu wengine wa heshima, alijitahidi kupatanisha pande mbili. Mabwana walikubali peni sita, ila kuanzia Januari 1890. Vibarua hawakutaka kungoja muda huo. Tarehe 10 Septemba mzee huyo alikwenda Poplar, katika shule ya Kikatoliki ya Wade Street, akazungumza na viongozi wa mgomo kwa saa nyingi. Aliwaomba nao walegeze kidogo, kwa ajili ya wake na watoto wao, wakubali tarehe 4 Novemba. Wakakubali. Mabwana nao wakaridhia, na tarehe 16 Septemba kazi ikaanza tena.

Yafaa tuangalie jambo hili vizuri. Manning hakuwaambia wenye njaa kwamba kudai haki ni dhambi, wala hakuwachochea kumchukia bwana. Aliwatetea kwa sababu madai yao yalikuwa ya haki na njia yao ilikuwa ya amani; na kwa sababu walimwamini, waliweza kumsikiliza alipowaomba wapunguze. Mpatanishi asiyejua njaa ya mtu hawezi kumwomba mtu huyo subira.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi. Kardinali alifariki tarehe 14 Januari 1892, na maskini wa London walijaa barabarani kumsindikiza.

Sisi wazazi Wakristo tuwafundishe watoto wetu hayo. Anayeajiri mtumishi wa nyumbani au kibarua wa shambani ajiulize kama ujira autoao unalisha jamaa. Naye anayedai haki yake aidai kwa mikono isiyo na jiwe. Na tunaposikia jirani zetu wako katika mgomo wa haki na watoto wao wana njaa, kwanza tupeleke kibaba cha unga, maneno yatafuata.