Thomas Marealle: Mangi Mkuu aliyepandishwa na kura, akashushwa na kura

Siku hizi ukiwa Dar es Salaam ukasema unaenda kwa Mangi, kila mtu anajua unaenda dukani, pengine kununua sukari au vocha. Lakini huko neno lilikotoka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mangi hakuwa muuza duka. Alikuwa mtawala. Alikata kesi, aligawa ardhi, na kwa kawaida cheo chake alikipata kwa kuzaliwa.

Thomas Marealle alizaliwa kwenye ukoo wa aina hiyo, lakini cheo kilichompa jina hakukirithi. Alikipata kwa kura mwishoni mwa 1951. Na miaka michache baadaye, wananchi wale wale walirudi kwenye masanduku ya kura wakakifuta.

Mjukuu wa Marangu

Alizaliwa mwaka 1915 Marangu, upande wa mashariki wa mlima. Babu yake, Mangi Marealle wa kwanza, ni mtu ambaye jina lake bado linazua mjadala vijiweni. Alikuwa rafiki mkubwa wa Wajerumani, na urafiki huo uliifanya Marangu iwe na nguvu kuliko majirani wengi. Wakati huo huo, upande wa pili, Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani hao hao mwezi Machi 1900.

Kwa hiyo jina la Marealle lilikuwa mtaji, lakini pia lilikuwa mzigo. Kwa wengine lilimaanisha heshima, kwa wengine lilikumbusha machungu.

Kijana Thomas hakukaa nyumbani kusubiri kiti. Alisoma, akaajiriwa serikalini, kisha akaenda Uingereza kwa masomo zaidi, ikiwemo London School of Economics. Aliporudi alifanya kazi ya ustawi wa jamii. Mwaka 1951 redio ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kufanya kazi pale. Alijua kuongea na watu, na alijua serikali inavyofikiri. Vyote viwili vilikuja kumsaidia.

Mlima mmoja, wamangi kibao

Ili uelewe kwa nini Wachagga walimtaka mtu kama yeye, angalia mlima ulivyokuwa. Kila bonde na kila mgongo wa mlima ulikuwa na mangi wake: Machame, Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu, Rombo na kwingineko. Walipigana kwa miaka mingi kabla ya wakoloni, na baada ya vita kwisha wivu haukuisha.

Kilichowaunganisha kwa vitendo ni kahawa. Kuanzia miaka ya 1920 wakulima wadogo waliipanda katikati ya migomba kwenye vihamba vyao, na mwaka 1933 ukaanza ushirika wa KNCU wenye makao makuu Moshi mjini. Mkulima wa Machame na wa Rombo, ambao babu zao walikuwa maadui, sasa walikuwa wanauza kahawa chini ya jina moja.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza iliamua kupunguza utitiri wa watawala. Mlima ukagawanywa sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja chini ya mkubwa aliyeitwa mwitori. Wananchi wengi hawakufurahi. Waliona wameongezewa ngazi nyingine ya wakubwa wasiowachagua.

Ndipo kikaibuka chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Petro Njau na Joseph Merinyo, aliyewahi kuongoza chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, walizunguka vijijini na hoja rahisi: Wachagga wawe na mkuu mmoja, na wamchague wenyewe.

Kura ya kwanza

Mgombea mzito upande wa pili alikuwa Abdiel Shangali, mangi wa Machame na mwitori wa Hai. Alikuwa na uzoefu na jina. Lakini hicho hicho ndicho kilichomponza, maana kwa wengi yeye ndiye alikuwa sura ya mfumo waliouchoka.

Marealle alikuja kama mtu mpya. Alikuwa na miaka 36, msomi, na ingawa alitoka ukoo wa kimangi hakuwa na kiti. Watu wa Citizens Union wakamnadi kila kona. Kura zilipohesabiwa, akashinda, na Januari 1952 akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga.

Miaka ya neema

Bahati nayo ilikuwa upande wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya kahawa duniani ilikuwa juu sana. Pesa iliingia vihambani. Nyumba za mabati zikaongezeka, shule zikajengwa, na Moshi ikachangamka.

Marealle alitumia kipindi hicho kujenga kitu ambacho hakikuwepo: taifa dogo la Wachagga. Kulikuwa na bendera. Kulikuwa na Siku ya Wachagga, iliyosherehekewa kila tarehe 10 Novemba. Kulikuwa na gazeti la Baraza la Wachagga, Komkya. Kwa mtu ambaye babu yake alijiita Mkibosho au Mmachame tu, kujiita Mchagga sasa kulikuwa na uzito mpya.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka 1957 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, chombo kilichosimamia Tanganyika, na alisema wazi kwamba nchi inapaswa kuelekea kujitawala. Wakati huo wapo waliomwona kama mmoja wa Waafrika wenye nafasi kubwa kisiasa nchini.

Upepo unabadilika

Shida ni kwamba tayari kulikuwa na taifa kubwa zaidi linajengwa. TANU ilianzishwa Julai 1954 chini ya Julius Nyerere, na hoja yake ilikuwa Tanganyika moja, si makabila. Kadiri chama hicho kilivyokua, bendera ya Wachagga ilianza kuonekana ndogo.

Huko nyumbani nako mambo yaligeuka. Baadhi ya waliomnadi mwaka 1951 walianza kumlaumu kwamba amekuwa mbali na watu, anajizungushia fahari, na anaongoza kama vile kiti ni mali yake. Wao walitaka mkuu wa kuchaguliwa, na sasa waliona wamepata mfalme. Swali likawa moja: aliyechaguliwa mara moja, akae mpaka lini?

Aliyelibeba swali hilo ni Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame aliyesoma hadi Marekani, na mwana TANU. Yeye na wenzake katika Chagga Democratic Party walidai cheo cha Mangi Mkuu kiondoke, na badala yake awepo rais wa Wachagga anayechaguliwa kwa muda maalumu.

Kura ya pili

Februari 1960 Wachagga walipiga kura ya maoni. Safari hii hawakuulizwa wanamtaka nani. Waliulizwa wanataka cheo cha namna gani. Wengi sana wakachagua rais. Marealle akaondoka, na Eliufoo akawa Rais wa Wachagga, kisha baadaye Waziri wa Elimu wa Tanganyika.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kibo, bendera ile ilikuwa ya Tanganyika. Ile ya Wachagga ilikuwa imeshabaki historia.

Marealle hakukubali kuondoka hivi hivi. Alikwenda mahakamani kudai fidia ya kupoteza cheo. Lakini mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliufuta rasmi utawala wa machifu nchi nzima, na Bunge likapitisha sheria iliyofunga mlango kwa madai ya namna hiyo. Hapo ndipo mtu aliyepandishwa na kushushwa kwa kura alipokutana na nguvu ambayo haikupigiwa kura mlimani.

Baada ya hapo aliishi maisha marefu bila kiti, ikiwemo kazi kwenye Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2007, akiwa amevuka miaka 90.

Wapo wanaomkumbuka kama aliyewaunganisha Wachagga, na wapo wanaosema angeachiwa angerudisha ufalme. Pande zote mbili zina hoja. Ila Eliufoo naye hakudumu kwenye kiti kile: ndani ya miaka michache, urais wa Wachagga nao ukafutwa, na safari hiyo hakuna aliyeulizwa.